Acheni stori za wakulima na makatambuga, vita ya Vietnam iliamuliwa Laos, barabarani

Mzee wa Semi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja humu mtu kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba Marekani alichapwa Vietnam na "wakulima waliovaa makatambuga", watu wakagonga laiki kama mvua, nikataka kujibu palepale nikaona komenti haitoshi nikaachana nayo. Sasa leo ni siku ya tatu nimekwama foleni Tunduma, bando ninalo, chai ninayo, mzigo wangu hauozi. Ngoja tuongee.

Mimi ni mtu wa malori. Nilianza utingo, nikapata usukani, sasa natembea Dar kwenda Lubumbashi mwaka wa 14 huu. Kwa hiyo mimi nikisoma habari za vita siangalii sana nani jasiri nani mwoga, naangalia mzigo ulipitaje, maana risasi haioti shambani, mtu wa mbele akipiga risasi moja jua kuna mtu huko nyuma kaibeba kilometa elfu moja.

Makatambuga yalikuwepo, sikatai. Walikuwa wanakata tairi la gari, wanatia mikanda ya mpira wa ndani, wanavaa, kama haya haya yetu. Lakini ule mguu ulikuwa unatembea kwenye mtandao wa barabara uliokuwa na gereji, hospitali, vituo vya mafuta, mizinga ya kutungulia ndege na wanajeshi kwa makumi elfu ambao kazi yao ilikuwa barabara tu. Huyo sio mkulima mwenye panga. Hiyo ni kampuni ya usafirishaji yenye jeshi lake. Na sehemu kubwa ya barabara hiyo, ile maarufu kama Njia ya Ho Chi Minh, haikuwa Vietnam, ilikuwa Laos, nchi ambayo kwenye makaratasi haikuwa vitani kabisa.

Hoja yangu ndo hiyo. Wanajeshi walipigana Vietnam lakini vita iliamuliwa Laos, na kilichoiweka pale ni makaratasi yaliyosainiwa Geneva na Paris. Nitaweka kidogo kidogo, mtandao wa huku unakuja na kuondoka.

---

bando_la_wiki

Naweka kambi hapa. Mkuu usije ukatuacha njiani kama wale wa simulizi za majini.

---

Mzee wa Semi

Tunaanza na Mfaransa, maana bila yeye hamuelewi.

Mwaka 1953 mwishoni Wafaransa walishusha askari wa miamvuli kwenye bonde moja linaitwa Dien Bien Phu, kaskazini magharibi kule, karibu na mpaka wa Laos. Kwa nini pale? Walitaka kuziba njia ya Viet Minh, wapiganaji wa Ho Chi Minh waliokuwa wanadai uhuru, kuingia Laos. Yaani mnaona, hata 1953 tatizo tayari lilikuwa Laos. Wakajichimbia katikati ya bonde, milima imewazunguka, wakategemea ndege kuwaletea kila kitu. Hesabu yao ilikuwa kwamba Vo Nguyen Giap, kamanda wa Viet Minh, ambaye kabla ya vita alikuwa mwalimu wa historia, hana njia ya kupandisha mizinga kwenye ile milima.

Akapandisha. Kwa mikono, kamba na magogo, mzinga mmoja watu makumi, usiku. Na hapa ndo kuna kitu mimi kama mtu wa usafiri nakivulia kofia: mizinga ilishafika, shambulio limepangwa mwishoni mwa Januari 1954, Giap akaangalia akaona bado, akaamuru mizinga ITOLEWE tena, kwa mikono ile ile, ikapangwe upya. Fikiria umeshapandisha Kitonga na mzigo mgongoni alafu bosi anakwambia rudi Mikumi.

Chakula kikaja kwa baiskeli. Waliowahi kuona baiskeli za mkaa barabarani huku kwetu wanajua mambo haya: hupandi, unasukuma. Wao walifunga mti mrefu kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni, na mti mwingine umesimama nyuma ya siti wa kusukumia. Kilo 200 ni kawaida, waliobobea walipita 300. Baiskeli nyingi zilikuwa Peugeot, mali ya Mfaransa mwenyewe.

Tarehe 13 Machi 1954 moto ukawaka. Mkuu wa mizinga wa Kifaransa, kanali Charles Piroth, aliyekuwa anajitapa kwamba mizinga ya Viet Minh ataizima, baada ya siku mbili tatu alijilipua kwa guruneti. Uwanja wa ndege ukafa, mvua zikaanza, na Mei 7 ngome ikaanguka. Kesho yake Geneva ndo wanakaa kuanza kujadili Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia. Kaa na hiyo akilini, watu wa Hanoi, yaani hao hao wa Ho Chi Minh, walijifunza kupiga uwanjani kwa kuangalia saa ya mezani kwenye mazungumzo.

---

Kiroboto Mwekundu

Sasa mkuu hapo si unathibitisha kwamba ni wakulima na baiskeli? 😂

---

Mzee wa Semi

Baiskeli 1954. Tulia, malori yanakuja.

Geneva 1954 ikakata Vietnam vipande viwili kwenye latitudo ya 17, Kaskazini ya wakomunisti wa Ho Chi Minh, makao Hanoi, na Kusini, makao Saigon, ikasema uchaguzi wa nchi nzima ufanyike Julai 1956. Haukufanyika. Ngo Dinh Diem wa Kusini alikataa, Marekani wakamuunga mkono, kila mtu alikuwa anajua Ho Chi Minh akisimama ni nani anashinda. Kwa hiyo makada wa chama cha Ho walioko Kusini wakabaki wanasakwa na serikali ya Diem, wanaomba msaada Hanoi, Hanoi wanasita, mpaka mwanzoni mwa 1959 chama kikaamua: tunapigana. Mei 1959 kikaundwa kikosi cha kupeleka watu na silaha, kikaitwa 559, yaani mwezi wa 5 mwaka 59, hawakuhangaika na jina.

Mpaka wa latitudo ya 17 ulikuwa unalindwa. Baharini kuna doria. Unapitia wapi? Unazunguka, unashuka na milima ya Truong Son upande wa Laos alafu unaingia Kusini kwa ubavuni. Mwanzoni ilikuwa ni mgongo tu, mtu anabeba, anatembea miezi, wengine miezi 6, malaria inaua kuliko risasi.

Alafu ikaja karatasi ya 1962. Geneva tena. Mataifa 14 yakasaini kwamba Laos ni nchi isiyofungamana na upande wowote, majeshi yote ya kigeni yatoke. Wamarekani wakatoa washauri wao. Wavietnam wa Kaskazini wengi wao hawakutoka, waliobaki walibaki walipo, msituni. Mmarekani aliyesimamia makubaliano yale ni Averell Harriman, na baadaye Wamarekani wenyewe wenye hasira wakawa wanaiita ile njia "barabara kuu ya kumbukumbu ya Harriman". Dhihaka kali sana hiyo.

Kwa hiyo elewa mtego: Marekani akiingiza jeshi la ardhini Laos kukata barabara, anavunja karatasi aliyosaini mbele ya dunia, na anaogopa China itaingia kama ilivyoingia Korea 1950. Hanoi naye akivunja, anasema tu hatupo. Na kweli miaka yote ile alikuwa anasema hayupo.

Wamarekani walipoanza kushusha jeshi, Marines (askari wa majini) wa kwanza pale Da Nang Machi 8, 1965, hadi kufika zaidi ya 540,000 mwaka 1969, wote hao walikuwa wanapigana upande mmoja wa ukuta wakati mlango uko upande wa pili. Jenerali Westmoreland, mkuu wa majeshi ya Marekani kule, alikuwa na mpango wa kuingia na kukata Barabara namba 9 mpaka mji wa Tchepone ndani ya Laos. Rais Johnson akakataa. Badala yake wakasema tutapiga kwa ndege.

---

Nyangumi_254

Niko hapa kutoka Mombasa. Hayo makatambuga sisi twayaita akala. Swali: kwa ndege walishindwaje jameni, si walikuwa na B-52, yale madege makubwa ya mabomu?

---

Mzee wa Semi

Nyangumi swali zuri, na hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu ninayoipenda.

Kwanza futa picha ya barabara moja. Hii njia ilikuwa kama mishipa ya mkononi, ukipiga mmoja damu inapita mwingine. Ukijumlisha vichochoro vyote ilizidi kilometa 15,000. Kuna ya lori, ya baiskeli, ya miguu, na mto unaoelea mapipa.

Pili, dereva haendi safari nzima. Sisi huku mtu mmoja anatoka Dar mpaka Kongo. Wao dereva alipewa kipande chake, anakiendesha kila usiku huo huo, anajua kila shimo na kila mti, alfajiri anashusha mzigo, anaficha gari, kesho yake anarudi na mwenzake wa mbele anachukua. Kwa hiyo hata bila taa anapita. Taa yenyewe ilikuwa ndogo, imefungwa chini ya gari, inamulika ardhi tu. Mimi nimewahi kutembea kilometa 11 taa zimekufa porini, mvua inanyesha, nikaapa sirudii. Wale ndo ilikuwa ajira.

Tatu, madaraja. Daraja la juu linaonekana kwenye picha ya ndege, kwa hiyo walijaza mawe mtoni mpaka sentimita chache chini ya maji. Ndege inapita inaona mto. Lori linapita linaonekana kama linatembea juu ya maji.

Nne, wasichana. Vikosi vya vijana wa kujitolea, wengi wa miaka 17 hadi 20. Bomu likidondoka wanakimbilia shimo, wanajaza kwa majembe na mabeseni, magari yapite kabla hakujapambazuka. Usiku wa giza walikuwa wanavaa kitambaa cheupe na kusimama ukingoni mwa shimo la bomu ili dereva aone pa kupita. Yaani mtu ndo alikuwa kibao cha barabarani. Kwenye makutano ya Dong Loc, ambayo ni Kaskazini kabla hujaingia Laos, Julai 24, 1968 bomu moja liliua 10 kwa mpigo, wote wasichana. Mpaka leo watu wanaenda pale kuwasha ubani.

Na jiko. Moshi ndo ulikuwa unawaponza, ndege inaona moshi inapiga. Kuna mpishi wa jeshi tangu vita na Mfaransa, Hoang Cam, alibuni jiko la kuchimba: unachimba shimo la moto, kutoka hapo unachimba mifereji mirefu kwenda pembeni, unaifunika matawi na udongo wenye unyevu, moshi unapita ndani ya ardhi unapoa na kutoka umetawanyika kama ukungu wa asubuhi. Wali umeiva, rubani hajaona kitu. Jiko linaitwa kwa jina lake hadi leo.

Wamarekani nao hawakulala. Walidondosha mashine ndogo za kunasa sauti na mtetemo, zingine zimetengenezwa zifanane na mmea, zinapeleka mawimbi mpaka Nakhon Phanom, Thailand, kwenye chumba kikubwa chenye kompyuta zinazotafsiri "hapa kuna malori". Hiyo ni miaka ya 60 wakuu. Walijaribu hata kuongeza mvua, ndege zinanyunyiza kemikali kwenye mawingu ili barabara iwe tope, 1967 mpaka 1972. Kama umewahi kunasa kwenye tope masika utajua kwamba hiyo ilikuwa akili kuliko mabomu.

Malori yaliungua mengi sana. Ila Mrusi na Mchina walikuwa wanaleta mengine, na hapo jibu la "walishindwaje" linakuja: lori linatoka kiwandani Urusi au China ambako huwezi kupiga, linapita bandarini Haiphong ambako mpaka 1972 rais hakuruhusu kuziba, linakuja kupigwa moja moja usiku porini kwa ndege ya mamilioni ya dola. Hesabu haijibu.

---

Kiroboto Mwekundu

Mkuu mbona unaruka Tet, lile shambulio la sikukuu yao ya mwaka mpya? Kila mtu anajua Tet 1968 ndo ilimaliza vita. Walivamia mpaka ubalozi wa Marekani Saigon. Alafu habari yote ikamalizikia kwenye TV huko kwao. Vita ilishindwa Washington sio Laos.

---

Mzee wa Semi

Siiruki, ila mzigo wa Tet ulifika vipi mijini? Wale makomandoo 19 wa ubalozini baruti zao hazikutoka dukani.

Ila nakupa nusu. Tet, usiku wa Januari 30 kuamkia 31, kijeshi Hanoi waliumia vibaya, hasa wapiganaji wa Kusini wenyewe, mtandao wao wa vijijini na mijini ulivunjwa, na wananchi hawakuinuka kama Le Duan alivyotarajia. (Watu wanadhani Ho Chi Minh na Giap ndo waliendesha kila kitu, hapana, kufikia wakati huo mwenye chama ni Le Duan, mzee Ho alikuwa mgonjwa na akafa Septemba 2, 1969.) Kisiasa Johnson alikwisha, Machi 31 akatangaza hagombei tena.

Ila angalia matokeo yake kwa barabara. Wapiganaji wa Kusini wameisha, sasa nani anapigana? Jeshi la kawaida la Kaskazini. Linapita wapi? Kwa hiyo Tet haikupunguza umuhimu wa Laos, iliuongeza.

Na kitu kingine cha kuongezea ni Kambodia. Mfalme mstaafu Sihanouk alikuwa anafumba macho, silaha za China zinashushwa bandari ya Sihanoukville zinapanda malori mpaka mpakani. Rais mpya Nixon akaanza kuipiga Kambodia kwa siri kwa B-52 kuanzia Machi 1969, bunge lake mwenyewe halijui. Machi 18, 1970 waziri mkuu wake Lon Nol akampindua Sihanouk, bandari ikafungwa. Mwisho wa Aprili Wamarekani wakaingia Kambodia kwa ardhi, vyuo vikawaka Marekani, wanafunzi 4 wakauawa kwa risasi chuo cha Kent State Mei 4. Bunge likakasirika, likapitisha sheria kwamba hakuna askari wa ardhini wa Marekani kukanyaga Laos wala Kambodia tena.

Sasa unganisha. Bandari imefungwa, kwa hiyo Hanoi imebaki na barabara moja tu ya Laos. Na wakati huo huo sheria mpya inamkataza Mmarekani kuikanyaga. Mlango umebaki mmoja na aliyekuwa na nguvu za kuufunga kafungwa mikono na bunge lake. Ingekuwa tamthilia ungesema mtunzi kazidisha.

---

Mama Ushirika

Duh. Sasa walifanyaje? Endelea baba, watoto wameshalala nasoma vizuri.

---

Mzee wa Semi

Mama shikamoo. Wakawatuma Wavietnam wa Kusini peke yao.

Operesheni inaitwa Lam Son 719. Februari 8, 1971 askari kama 17,000 wa Kusini wakavuka mpaka kwenye Barabara namba 9, barabara yenyewe imechakaa, ya upana wa gari moja, msitu na vilima pande zote. Wamarekani wanasaidia kwa helikopta na ndege tu, hata mshauri mmoja wa kwenda na kikosi ardhini haruhusiwi. Hii watu huipita haraka lakini ndo iliua: miaka yote yule mshauri wa Kimarekani ndo alikuwa anashika redio anaita ndege kwa Kiingereza. Sasa hayupo, komanda wa Kivietnam yuko chini anapigwa, rubani juu haelewi anachoambiwa.

Hanoi walikuwa wanawasubiri. Tangu 1970 waliona mlango mmoja ndo umebaki, kwa hiyo wakajaza mizinga ya kutungulia ndege vilimani kote, vifaru, vikosi kamili. Msafara ukafika nusu ya njia ukasimama. Rais Nguyen Van Thieu akaanza kusita, maana wale aliowapeleka, askari wa miamvuli na Marines, ndo walinzi wake dhidi ya mapinduzi, wakifa hao naye Saigon hana usingizi. Unapigana vita huku unahesabu askari wa kukulinda na majenerali wako! Mwanzoni mwa Machi wakarushwa kwa helikopta mpaka Tchepone, mji wenyewe magofu, wakakanyaga kidogo ili isemwe tumefika, kisha amri ya kurudi.

Kurudi ndo kulikuwa balaa. Picha zilizotoka zinaonesha askari wananing'inia kwenye vyuma vya kutulia chini ya helikopta. Helikopta zaidi ya 100 zilikwisha kabisa, mamia yakatobolewa, na Kusini ikapoteza watu zaidi ya 7,000 ukichanganya waliokufa, walioumia na waliopotea. Tarehe 7 Aprili Nixon akasimama kwenye televisheni akasema mpango wa kuwaachia Wavietnam vita yao umefanikiwa.

Barabara ilirudi kufanya kazi ndani ya siku chache. Mwaka uliofuata, Machi 30, 1972, Hanoi wakashambulia kwa vifaru mchana kweupe, Quang Tri, Kontum, An Loc. Vifaru wakuu. Kifaru hakibebwi na baiskeli. Kilitembea, na kifaru kinakunywa dizeli kama hakina akili nzuri, kwa hiyo walishalaza bomba la mafuta kushuka na milima, mabomba membamba yanaunganishwa kwa mkono, pampu zimefichwa msituni. Kufikia mwanzo wa 1975 bomba lilikuwa linafika Bu Gia Map, mlangoni kwa Saigon kabisa. Yule aliyeandika "wakulima na makatambuga" naomba asome aya hii mara mbili.

Shambulio la 1972 lilizuiwa, tuwe wakweli, na ndege za Marekani ndo zilizuia, safari hii na Haiphong ikatiwa mabomu ya baharini. Jeshi la Kusini pia lilipigana, pale An Loc walikaa chini ya mizinga miezi na hawakutoka.

---

bando_la_wiki

Sasa Paris. Twende Paris mkuu, Kissinger yule mjumbe wa Nixon.

---

Mzee wa Semi

Mkataba wa amani wa Paris, Januari 27, 1973. Hapa watu wanakumbuka Nobel ya amani (Le Duc Tho, mjumbe wa Hanoi, aliikataa, akasema amani haijapatikana bado). Mimi naangalia mambo mawili.

La kwanza, kila mtu anasimama alipo. Maana yake askari wa Kaskazini zaidi ya 100,000 walioko ndani ya Kusini wanabaki, Wamarekani wanaondoka ndani ya siku 60. Thieu alilia na kukataa, Nixon akamwandikia barua za siri kwamba wakivunja nitarudi na nguvu zote, na pia kwamba usiposaini tutasaini bila wewe.

La pili ni kifungu cha 20. Kinasema majeshi ya kigeni yatoke Laos na Kambodia. Tarehe ya kutoka? Hakuna. Hakikuandikwa. Mimi nikisaini mkataba wa mzigo bila tarehe ya kufika tajiri atanicheka, wale walisaini hatima ya nchi.

Basi kilichofuata ni kazi ya ujenzi. Aprili 1973 mabomu Laos yakakoma, Agosti 15 bunge likakata mabomu Indochina yote. Kwa mara ya kwanza tangu 1965 barabara haina ndege juu yake. Wakachonga mpya upande wa mashariki wa milima, ndani ya Vietnam Kusini yenyewe, upana mita 8, malori yanapishana, mchana, taa zinawaka. Safari ya miezi ikawa ya wiki. Huku Saigon mafuta yamepanda bei baada ya 1973, bunge la Marekani limepunguza msaada mpaka dola milioni 700, Nixon kajiuzulu Agosti 1974 na barua zake za ahadi zimebaki karatasi.

Januari 6, 1975 wakachukua mkoa mzima wa Phuoc Long kwa kujaribu kina cha maji. B-52 hazikuja. Basi.

Jenerali Van Tien Dung wa Kaskazini akashuka kusini kimya kimya, huku Hanoi gari lake linaendelea kwenda ofisini na kurudi kama kawaida ili watu wasishtuke. Divisheni ya 316 ikapakiwa kwenye malori, redio zimezimwa, ikatokea mji wa Ban Me Thuot, nyanda za juu za Kusini, Machi 10. Kusini walikuwa wanaangalia Pleiku. Siku nne baadaye Thieu akawaita majenerali Cam Ranh akaamuru nyanda za juu ziachwe. Barabara nzuri zote zimeshakatwa, ikabaki 7B, njia ya zamani ya magogo, madaraja yamevunjika. Askari wa kienyeji hawakuambiwa. Raia wakaona jeshi linaondoka wakaunga nyuma, na watoto, na magodoro, na pikipiki. Pale Cheo Reo msafara ukajifunga, mto mbele kivuko hakijakamilika, adui kafika. Inakadiriwa walianza askari 60,000 wakafika Tuy Hoa wazima kama 20,000.

Aliyesimamia ule uondokaji ni jenerali Pham Van Phu. Mwaka 1954 huyu alikuwa ofisa wa miamvuli upande wa Mfaransa, akatekwa Dien Bien Phu. Safari hii hakusubiri kutekwa, alijiua siku Saigon inaanguka.

Mengine mnayajua. Hue Machi 25, Da Nang Machi 29, Thieu akajiuzulu Aprili 21, Aprili 30 kifaru namba 843 kikagonga geti la pembeni la ikulu kikakwama, namba 390 kikavunja geti kubwa. Mpango wa Hanoi ulikuwa wa miaka miwili, wakamaliza kwa siku 55.

---

Kiroboto Mwekundu

Nimekubali kwa shingo upande. Ila Laos wenyewe waliambulia nini?

---

Mzee wa Semi

Waliambulia tani zaidi ya milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973. Kwa kichwa cha mtu ndo nchi iliyopigwa mabomu kuliko zote. Ya vishada, vile vidude vya ukubwa wa chungwa ambavyo wao wanaviita "bombi", vilidondoshwa milioni 270 na inakadiriwa milioni 80 havikulipuka. Mtoto anaokota anadhani mpira. Mkulima anapiga jembe. Mwaka 2016 Obama alienda Vientiane akaahidi dola milioni 90 za kusaidia kusafisha. Vijijini utakuta ganda la bomu limekuwa nguzo ya nyumba, na tangi la mafuta la ndege limekatwa limekuwa mtumbwi.

---

Nyangumi_254

Na yule mkubwa wa barabara aliishia wapi? Asije akawa alisahaulika kama kawaida.

---

Mzee wa Semi

Dong Sy Nguyen, aliyeongoza 559 kuanzia 1967. Hakusahaulika. Baada ya vita wakampa wizara ya ujenzi, baadaye uchukuzi. Alifariki 2019 akiwa na miaka 90 na kitu.

---

bando_la_wiki

Mkuu kabla hujaondoka, huko Tunduma unatumia mtandao gani? Maana wa kwangu ungeshakata.

---

Mzee wa Semi

Halotel 😂 Na mwenye Halotel ni Viettel, na mwenye Viettel ni wizara ya ulinzi ya Vietnam. Wale wale.

Foleni imesogea, nasikia honi nyuma. Wa Kambodia nisubirini nikifika Kasumbalesa, pale najua nitalala tena.